Maji ya Bahari Yana Saa Yake

Dumu la lita 20 likijaa maji ya bahari lina uzito wa kilo 20 na nusu. Hiyo nusu inatokana na chumvi, na mabega yangu yanaijua vizuri. Kwa miaka sita nimekuwa nikibeba maji kutoka Msasani hadi Kijitonyama, madumu manane kwa safari, kwa ajili ya tangi la samaki lililoko sebuleni kwangu. Dereva wa bajaji anayenibeba sasa ananifahamu. Mwanzoni alikuwa akitandika magunia mawili ili chumvi isimlie bodi, na alikuwa na haki.

Mimi si mtu wa pwani. Nimekulia Dodoma, na bahari niliiona nikiwa mtu mzima nilipokuja Dar es Salaam kikazi. Siku moja wenzangu wa kazini walinichukua hadi kisiwa cha Mbudya, wakanivalisha miwani ya kuzamia, nikaingiza uso majini. Nilichokiona kule chini, samaki wa bluu wadogo kama kidole wakizunguka tumbawe moja kana kwamba ni mtaa wao, hakikunitoka. Miezi michache baadaye nilikuwa kwa fundi wa vioo nikimchorea tangi la sentimita 120 kwa 40 kwa 45. Lita 216 likiwa tupu. Ukishaweka mawe na mchanga, maji yenyewe hayazidi lita 180.

Wanaofuga samaki wa maji chumvi mbali na bahari hununua chumvi maalumu iliyotengenezwa kiwandani, wakaikoroga kwenye maji safi. Hapa kwetu chumvi hiyo ni adimu na bei yake ni kubwa, nami nilikuwa naishi mwendo wa nusu saa kutoka baharini. Niliona hakuna la kufikiria, maji yapo pale, bure, na samaki wenyewe wametoka humo humo. Iliyonifunza ni hasara.

Safari ya kwanza ya kubadilisha maji nilichota Coco Beach, Jumamosi moja ya mwezi wa nne, masika yamekolea. Usiku mvua ilikuwa imenyesha, asubuhi jua likatoka, nikaenda na madumu matatu. Maji yalikuwa yamepwa sana, ikabidi nitembee mbali kuyafuata. Niliyaona meupe kiasi, si machafu. Nilipofika nyumbani nikatoa lita 60 za maji ya zamani kwenye tangi, nikaweka yale mapya. Jioni konokono wote walikuwa wamejifungia. Asubuhi kamba wawili walikuwa wamelala ubavu, wamekufa, na nyota wa bahari mdogo niliyekuwa nikimpenda kuliko wote alikuwa amelegea, mikono inaanza kuoza kwenye ncha. Samaki walibaki hai, lakini walikuwa wakihema juu juu kwa siku nzima.

Wakati huo sikuwa na kipimo cha chumvi. Nilikuja kukipata wiki mbili baadaye, kile kidogo cha kuchungulia kama darubini, unadondoshea tone moja kwenye kioo chake na kusoma mstari. Nikapima maji yaliyobaki kwenye dumu la siku ile. Maji ya bahari ya kawaida huwa na takriban gramu 35 za chumvi katika kila kilo. Yale yalisoma 26. Samaki wengi huvumilia mshuko wa namna hiyo ukija polepole. Nyota wa bahari hana namna ya kujikinga, kwa kuwa maji ya mwilini mwake hufuata maji yanayomzunguka, na kamba na konokono wengi nao huumia ukija ghafla.

Kwa hiyo nilikuwa nimebeba mvua ya Dar es Salaam, nikaimimina juu ya viumbe waliokuwa wananitegemea. Jambo hilo liliniuma, na bado linaniuma nikimkumbuka yule nyota.

Nilikwenda Msasani pale wavuvi wanapoteremshia samaki, nikaulizia mtu anayeweza kuniuzia maji ya kutoka nje, bahari kuu. Walicheka kidogo, kisha wakanielekeza kwa mzee mmoja aliyekuwa anashona wavu chini ya mti wa mkungu. Nikamsalimu, akaitikia marahaba bila kuinua macho. Nikamweleza yote.

"Ulichota saa ngapi?" akaniuliza.

"Saa nne asubuhi, mzee."

"Na mwezi ulikuwa umefikisha siku ngapi?"

Sikujua. Akahesabu kwa vidole, akarudi nyuma wiki mbili, akatikisa kichwa. "Ilikuwa bamvua. Saa nne maji yako chini kabisa. Wewe, mwanangu, umechota maji yanayotoka mjini."

Sentensi ile moja imenifaa kuliko yote niliyosoma baadaye. Akanieleza kwa utulivu, sindano ikiendelea kupita kwenye wavu. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji huwa ya bamvua, hujaa sana na kupwa sana. Kwa pwani yetu, siku hizo maji hujaa mnamo saa kumi, ya alfajiri na ya alasiri, na hupwa mnamo saa nne, asubuhi na usiku. Kila siku inayofuata saa zinasogea mbele kwa karibu dakika 50, hadi yanapofika maji mafu, ambapo bahari haiendi mbali wala hairudi sana. Maji yanapopwa huondoka na kila kilichoko ufukweni: matope ya mikoko, maji ya mitaro, taka za mchanga. Yanapojaa, yanayoingia ni maji ya kina kirefu, yamekaa nje ambako hakuna mtu. Ukitaka maji safi, chota yakiwa yanamalizia kujaa, kabla hayajageuka. Yakishageuka, hata kama ufukwe bado umejaa, usichote.

Baadaye nilielewa kwa nini pale nilipochota palikuwa pabaya zaidi siku ile. Mto Msimbazi unapita katikati ya jiji na kumwaga maji yake baharini karibu na Daraja la Selander, kusini kidogo ya Coco. Mkondo mkuu wa bahari kwenye pwani yetu huelekea kaskazini mwaka mzima. Mvua kubwa ikinyesha, yaliyotoka Msimbazi yana njia nyepesi ya kusogea upande huo huo niliosimama na dumu langu.

Mzee alikubali kwenda nami. Tuliondoka na ngalawa saa tisa na nusu usiku, kabla upepo haujaamka. Ilikuwa mwezi wa kwanza wa mwaka uliofuata, wakati wa upepo wa kaskazi, na maji yalikuwa maangavu kiasi kwamba tochi ilipita hadi chini. Kisiwa cha Bongoyo kilikuwa mbele yetu kama kivuli. Tulisimama kwenye mkondo, mbali na boti za injini, naye akanionyesha namna ya kuchota. Dumu halikingwi juu juu. Unalifunga kifuniko, unalizamisha hadi mkono uishie begani, ndipo unalifungua kule chini. Maji matamu ya mvua ni mepesi, huelea juu ya maji ya chumvi. Mafuta ya injini nayo huelea. Vumbi na takataka, vivyo hivyo. Juu ya bahari ndiko mahali pachafu zaidi, na ndiko mgeni anakokimbilia kuchota.

Maji yale yalisoma 35 kamili. Nilipima mara tatu nikiwa nimekaa sakafuni jikoni, kulikuwa kumekucha, na nilifurahi kama mtoto.

Tangu hapo nina daftari. Naandika tarehe, siku ya mwezi, upepo, mahali, saa na kipimo. Kurasa za kaskazi, Desemba hadi Machi mwanzoni, karibu zote zinasoma 35. Upepo wa kusi ukishika kasi mwezi wa sita na wa saba chumvi haibadiliki, ila mawimbi huvuruga mchanga na maji huwa na ukungu. Nayaacha yatulie siku tatu zaidi. Masika sichoti kabisa. Naweka akiba mwezi wa tatu, mapipa mawili ya lita 200, na hayo ndiyo yananivusha hadi mvua ziishe. Vuli nayo nachagua: nasubiri walau wiki moja tangu mvua kubwa ya mwisho.

Kwenye vyombo niliumia pia, ingawa hapo makosa yalikuwa ya kizembe zaidi. Nilinunua madumu ya njano yaliyokuwa na mafuta ya kula, nikayaosha kwa sabuni na maji ya moto nikidhani yametakata. Plastiki hunyonya mafuta. Baada ya siku mbili tangi lilikuwa na utando juu, na utando huzuia hewa kuingia majini. Madumu ya sabuni za maji ni mabaya zaidi, hayo usiyaguse hata kidogo. Sasa natumia yaliyobeba maji ya kunywa tu, na hayafanyi kazi nyingine nyumbani. Na kitu chochote cha shaba kisikaribie maji haya, iwe bomba, koki au waya. Shaba kidogo sana, kiasi ambacho samaki hakisikii, inatosha kuua kamba na konokono. Ndiyo maana sichoti karibu na mahali boti zinapopakwa rangi, kwa kuwa rangi nyingi za chini ya boti zimetiwa shaba makusudi ili viumbe wasigande.

Lililonichukua muda mrefu kulielewa ni kwamba maji ya bahari yako hai. Safari moja nilichelewa, nikaacha madumu manne yamefungwa barazani, juani, siku tano. Nilipofungua la kwanza nilirudi nyuma: harufu ya yai viza. Yale maji maangavu niliyoyachota alfajiri yalikuwa yamejaa viumbe wasioonekana kwa macho, mimea midogo inayoelea, mayai ya samaki, mabuu ya kaa na chaza, bakteria kwa mamilioni. Nilikuwa nimewafungia pasipo hewa. Walikufa, wakaoza, bakteria wakamaliza oksijeni yote, wakabaki wale wanaoishi bila hewa, ambao ndio hutoa harufu ile. Kuyamwaga tangini kungekuwa sawa na kumwaga sumu.

Kuna njia mbili za kuliendea jambo hili, na nimezijaribu zote. Ya kwanza ni kuyatumia maji siku ile ile, ndani ya saa chache, viumbe wakiwa bado hai. Ya pili ni kuyapumzisha. Nayachuja kwa kitambaa kizito, nayaweka kwenye pipa lenye kifuniko mahali pasipo mwanga, pampu ndogo ya hewa ikifanya kazi usiku na mchana, kwa wiki mbili. Gizani mimea midogo hufa, bakteria huila, mabaki huzama chini. Vimelea wa ule ugonjwa wa madoa meupe wanaoogelea wakitafuta samaki hawamalizi siku mbili bila kumpata. Wiki mbili zikiisha napima amonia, sumu inayotokana na uozo. Ikiwa sifuri, navuta maji kwa mpira kutoka juu, na kiasi cha sentimita kumi za chini nazimwaga. Pipa likinuka kitu chochote tofauti na ufukwe asubuhi, halitumiki.

Njia ya pili ndiyo salama, na ndiyo ninayomshauri anayeanza. Lakini niseme kweli, ya kwanza ina uzuri ambao ya pili inauua. Kule Monterey, California, kuna nyumba kubwa ya maonyesho ya viumbe wa bahari, iliyofunguliwa mwaka 1984, inayovuta maji moja kwa moja kutoka baharini. Mchana huyachuja ili wageni waone vizuri. Usiku huyaruhusu yaingie bila kuchujwa, yakiwa na chakula chake chote, na viumbe waliogandamana na mawe hufungua mikono yao na kula. Niliposoma hayo nilianza kutenga dumu moja kila safari. Nikirudi alfajiri, lingali lina baridi ya bahari, nalimimina polepole kabla ya kuwasha taa. Nimekaa mbele ya kioo na tochi yenye mwanga mwekundu nikatazama vitu vidogo kama punje za ulezi vikiruka ruka, na samaki wakividonoa kimoja kimoja. Miezi minane baada ya kuanza hivyo, kwenye pembe ya kioo iliota mirija midogo myeupe iliyojikunja kama maandishi. Minyoo wa baharini. Sikuwanunua wala kuwaleta. Walikuja wakiwa watoto ndani ya dumu, wakachagua kukaa.

Kosa jingine nalisimulia haraka kwa sababu kila mtu hulifanya. Joto la Dar hukausha maji. Tangi langu hupoteza kama lita 2 kwa siku. Nikawa najazia kwa maji ya bahari, nikiona ndiyo haki yake. Baada ya siku 17 kipimo kilisoma 41. Yanayopaa ni maji matupu, chumvi inabaki. Lita 34 nilizokuwa nimeongeza zilikuwa zimeleta zaidi ya kilo moja ya chumvi. Kilichopaa hurudishwa kwa maji matamu, tena yaliyochujwa ya kunywa. Ya bomba yana klorini, na visima vingi mjini hapa vyenyewe vina chumvi. Kuna wanaokinga maji yanayodondoka kwenye viyoyozi. Mabomba ya ndani ya viyoyozi ni ya shaba, mimi siyagusi.

Kuhusu mawe, hapa nina msimamo ambao sitaulegeza. Ukishaanza kwenda baharini na madumu, mtu atakuja kukuuzia tumbawe hai kwenye ndoo. Mimi nimeletewa mara mbili. Matumbawe yetu yaliungua vibaya kwa joto la El Niño la mwaka 1998, mengine yamevunjwa kwa baruti, na kipande cha ukubwa wa kichwa cha mtu kinaweza kuwa kimekua kwa miaka mingi kuliko umri wa anayekiuza. Mbudya, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini ni maeneo tengefu tangu mwaka 1975. Humo huchukui kitu. Mawe yangu nilipata Kunduchi, kwenye machimbo ya kokoto, nchi kavu. Ni matumbawe pia, ya zamani sana, ya wakati bahari ilipokuwa juu kuliko sasa, na yana matundu yale yale. Niliyasugua, nikayaloweka wiki tatu nikibadilisha maji, nikayapanga tangini. Bakteria wanaogeuza amonia kuwa naitraiti, na naitraiti kuwa naitreti, walihamia humo ndani ya wiki sita. Leo huwezi kuyatofautisha na mwamba wa baharini.

Na kabla sijaweka samaki nilikwenda kumwona afisa uvuvi kuuliza kipi kinaruhusiwa. Wapo wawili wa kahawia wenye mistari myeupe, wale wanaokaa kwenye minyiri ya anemoni, kiumbe wa bahari anayefanana na ua, na wanne wa bluu kama wale wa Mbudya. Kitatange sifugi, ingawa ni mzuri kupita wote. Jamii nyingi za kitatange hula matumbawe yenyewe, na tangini hufa njaa taratibu huku chakula kikielea mbele yake.

Binamu yangu wa Dodoma aliona picha, akaniomba nimtumie maji kwa basi. Nilimsimulia habari ya Chicago. Mwaka 1930 nyumba ya samaki ya Shedd ilipofunguliwa huko, mji ukiwa mbali na bahari zote, walileta maji kwa treni kutoka Key West, Florida: mabehewa 20 ya tangi, safari 8, karibu lita milioni 3.8. Kwa hiyo inawezekana. Lakini kwa tangi la mtu mmoja, na kila mwezi kubadilisha lita 40, nilimwambia kwa moyo mweupe anunue chumvi maalumu, tena asithubutu kutumia ya mezani. Maji ya bahari yana magnesiamu ya miligramu 1,300 hivi kwa lita na kalsiamu ya 400, na vingine vingi vidogo. Chumvi ya mezani haina hayo. Alinuna. Ameanza na tangi la maji matamu, perege wanne, anaendelea vizuri.

Mzee wa Msasani haendi tena baharini, magoti yamekataa. Mwaka huu nilimleta nyumbani kwa bajaji ile ile ya madumu. Alikaa mbele ya tangi muda mrefu bila kusema kitu, chai yake ikapoa. Watoto wa jirani walikuwa wamejipanga nyuma yake. Kisha akachovya kidole, akaonja.

"Haya ya lini?"

Nikafungua daftari. "Ya mwezi ishirini na tisa, mzee. Bamvua. Saa kumi alfajiri, kaskazi, nje ya fungu."

Akaonja tena, akatikisa kichwa kukubali. Akaniuliza Jumamosi naondoka na nani, nikamtaja kijana wa ngalawa. Akasema kijana yule huchelewa kuamka, nimpigie simu saa nane.